Kidonge cha Scolastica

Asubuhi katika wodi ya kifua kikuu ilianza kwa mlio wa ndoo. Mfagiaji alimwaga maji sakafuni, akasugua, kisha akafungua madirisha yote ili upepo wa mlimani uingie. Wagonjwa walijivutia mablanketi mpaka masikioni. Upepo huo ulikuwa mkali, hasa mwezi wa Julai, lakini Daktari alikuwa amesema kwamba hewa safi ni sehemu ya matibabu, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kufunga dirisha.

Usafi ulipokwisha, wagonjwa waliojiweza walitoka barazani na kupanga mstari. Hapo muuguzi Angela aliwasubiri na meza yake, jagi la maji na masinia mawili ya dawa.

Mwantumu hakuipenda saa hiyo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, binti wa pekee wa mzee Zubery, mwenye duka na lori pale Katesh. Nyumbani kwao alizoea kuwa wa kwanza. Kitambaa kipya kikifika dukani, yeye ndiye aliyekatiwa kwanza. Chai ikiwa tayari, kikombe chake ndicho kilichotiwa sukari kwanza. Lakini alipoanza kukohoa mfululizo, kukonda na kutokwa na jasho usiku, baba yake alimpandisha kwenye lori lake na kumleta katika hospitali hii ya misheni, iliyojengwa kwenye mteremko unaotazamana na Mlima Hanang. Hapa hakuwa wa kwanza kwa lolote.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Zamani mtu akipata kifua kikuu, ndugu zake walimjengea kibanda cha peke yake, wakampelekea chakula na kungoja. Sasa dawa zilikuwa zimepatikana. Daktari Nikolausi, mwenyeji wa Mbulu aliyesomea udaktari Uganda, aliwaeleza wagonjwa habari za dawa hizo siku walipolazwa.

"Mbwa mmoja hawezi kulinda boma lenye milango miwili," alisema. "Akisimama huku, fisi anaingia kule. Dawa nazo ni hivyo hivyo. Kila mmoja wenu atameza kidonge hiki, ni cha wote. Lakini kinahitaji mwenzake. Mwenzake wa zamani ni hivi vidonge vikubwa. Vinatibu, ila ni vingi, vinachafua tumbo, na ni ghali. Sasa viwanda vya Ulaya vinatengeneza hiki kidogo. Ni rahisi kununua. Kikiweza kazi, wagonjwa wa nchi nzima watakipata. Kama kinaweza au hakiwezi, bado hatujui. Ndiyo maana sisi na hospitali nyingine tunavipima vyote viwili pamoja. Nani apate kipi, itaamuliwa kwa kura. Mimi sichagui mtu. Na asiyetaka kuwamo aseme, atatibiwa kama zamani."

Hakuna aliyekataa. Kura ilimpa Mwantumu vidonge vikubwa. Ikampa kile kidogo msichana wa kitanda cha jirani, Scolastica.

Scolastica alikuwa mtoto wa mkulima mmoja wa Masakta aliyeitwa Ignasi. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo kwa kiganja. Siku za mwanzo wasichana hao wawili walipendana sana. Mwantumu alimgawia mwenzake sukari aliyoletewa na baba yake. Scolastica alimfundisha kusuka kikapu kwa majani ambayo muuguzi Angela aliwakatia kando ya kijito. Walicheka vikapu vyao vilipopinda.

Ni vidonge vilivyoanza kuwatenga.

Kila asubuhi Mwantumu alipewa konzi nzima ya vidonge vikubwa. Alivimeza kimoja kimoja, machozi yakimlengalenga. Vilikwama kooni, na baadaye tumbo lilinguruma mpaka akakimbilia chooni. Jioni alipewa konzi nyingine. Nyuma yake alisimama Scolastica. Alipokea kile cha wote na kidonge chake kidogo, akanywa funda la maji, basi. Alikuwa amekwisha rudi juani na kikapu chake wakati Mwantumu bado amesimama mezani akibembelezwa amalizie.

Jumamosi walipimwa uzito. Scolastica aliongezeka. Jumamosi iliyofuata akaongezeka tena, na muuguzi Angela akamshika mashavu, akasema, "Tazameni, mtoto wa Ignasi amekuwa boga." Watu wakacheka. Mwantumu naye alikuwa ameongezeka, ila kidogo. Muuguzi alimwambia, "Vizuri, mama, unakwenda mbele." Mwantumu hakulisikia neno hilo. Alikuwa akiyatazama mashavu ya Scolastica.

Tangu siku hiyo hakuacha kumtazama. Alimtazama akila ugali wote na kukomba sahani. Alimsikiliza akilala bila kukohoa. Alipocheka, Mwantumu alijiuliza anacheka nini. Muuguzi Angela alipomsuka nywele Scolastica barazani, Mwantumu aliona kwamba anamsuka taratibu zaidi kuliko alivyomsuka yeye. Mfuko wake wa sukari ukahamia chini ya mto. Scolastica alipouliza kama sukari imekwisha, alijibu kwamba imekwisha.

Mwishoni mwa mwezi mzee Zubery alikuja na lori lake, lililokuwa likitoka Basotu na mahindi. Mwantumu alilia mikononi mwake.

"Baba, mwambie Daktari anipe kile kidonge kidogo. Scolastica anapona, mimi nateseka."

Mzee Zubery alikwenda kwa Daktari. Mwantumu alisimama nje ya mlango, akasikia kila neno.

"Daktari, mimi sina watoto wengi," baba yake alisema. "Kama kuna dawa nzuri zaidi, mpe mwanangu. Nitafanya lolote unalotaka."

"Mzee Zubery, ningejua ipi ni nzuri zaidi, wote wangepewa hiyo hiyo leo," Daktari alijibu. "Sijui. Hata walioitengeneza hawajui kwa hakika. Nikianza kuwahamisha watu kwa kuwa wameomba, sitajua kamwe. Mwanao anaendelea vizuri. Mwache amalize dawa yake."

Mzee Zubery alitoka akamwambia binti yake avumilie. Mwantumu hakusadiki. Iliwezekanaje mtu mzima, tena aliyesoma mpaka Uganda, asijue dawa ipi ni nzuri, wakati hata mtoto angeweza kuona kwa macho? Bila shaka anajua, aliwaza. Anajua, na amempa Scolastica.

Siku chache baadaye wasichana hao walikuwa wameketi juani, wengine wote wakiwa ndani.

"Scola," Mwantumu alisema, "nikikuambia jambo, utakaa nalo?"

"Nitakaa nalo."

"Kile kidonge chako ni dawa ya ng'ombe. Ni ile wanayodungwa ng'ombe walioumwa na mbung'o. Bwana mifugo alimwambia baba dukani. Wameifanya vidonge, wanataka kuona ikiingia kwa mtu itakuwaje."

Hayo yote yalikuwa uongo. Aliyatunga pale pale, na yeye mwenyewe alishangaa jinsi yalivyomtoka kwa urahisi. Scolastica aliacha kusuka.

"Lakini mimi naendelea vizuri. Hata kikohozi kimepungua."

"Ng'ombe pia hunenepa kwanza," Mwantumu alisema.

Scolastica alikiweka kikapu chini. Kwao Masakta aliwahi kuona ng'ombe wa baba yake mdogo wakidungwa sindano, na mmoja wao alianguka jioni ile ile. Hakujua kama aliuawa na sindano au na ugonjwa. Alijua tu kwamba alianguka.

"Sasa nifanye nini? Nikikataa, Daktari atakasirika."

"Meza kile cha wote, hicho kidogo kifiche chini ya ulimi. Ukija huku nipe mimi, nitakitupa chooni."

Ndivyo ilivyokuwa. Muuguzi Angela alimwamini Scolastica, hakuwahi kumkagua mdomo. Kila asubuhi Scolastica alikiteremsha kidonge kilicholowa mate katika kiganja cha Mwantumu na kunong'ona, "Ahsante." Mwantumu alikwenda nyuma ya choo. Hakukitupa. Alikifuta kwa kanga yake, akakimeza.

Mara ya kwanza moyo ulimdunda. Mara ya pili haukudunda sana. Baadaye alijiambia kwamba hajamwibia mtu, maana Scolastica mwenyewe ndiye aliyekileta.

Majuma yakapita. Kikohozi cha Scolastica kikarudi. Kwanza kilikuwa kidogo, cha asubuhi tu. Kisha kikawa cha mchana. Mizani ikaonyesha kwamba amepungua, na muuguzi Angela hakufanya tena mzaha wa boga. Mwantumu alisimama nyuma yake kwenye mstari, akauona mshipi wa gauni la mwenzake ukilegea. Kitu fulani ndani yake kilifurahi. Papo hapo kikaona haya, lakini kilikuwa kimekwisha furahi.

Daktari alimwita Scolastica, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Unameza dawa zako zote, binti?"

"Nameza, Daktari," alisema Scolastica, akainamisha kichwa.

Daktari aliandika jambo, akabaki ameshika kalamu. Kidonge kidogo kilichoanza vizuri sasa kilionekana kushindwa.

Uongo nao haukukaa mahali pamoja. Katika wodi ile alikuwamo mwanamke mmoja kutoka tambarare za Hanang, mke wa mfugaji Gidamis. Wote walimwita Mama Gidahosh, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Naye alikuwa akimeza kidonge kidogo, na alikuwa akimpenda Scolastica kama mwanawe. Scolastica alimwonea huruma. Aliona si haki yeye aokoke na mama yule aendelee kula dawa ya ng'ombe. Akamwambia, na Mama Gidahosh akampelekea mume wake habari kwa mtu aliyekuwa akipita na mifugo.

Wakati habari hiyo iko njiani, Mwantumu aliamka siku moja akiwa na homa. Midomo ilikuwa imevimba. Mikono na kifua vilijaa upele mwekundu uliokuwa ukiwasha kama upupu. Alipojaribu kunywa uji, alitapika. Mchana ngozi ya midomo ilianza kupasuka.

Daktari Nikolausi alikuja mara moja. Aliutazama upele, akamfungua mdomo, akamgeuza mgongo.

"Hii ni dawa," alimwambia muuguzi Angela. "Mwili wake umeikataa dawa. Sijawahi kuona vidonge vikubwa vikileta upele wa namna hii, lakini hakuna kingine alichokula." Akamgeukia Mwantumu kwa upole. "Pole sana, binti. Hutameza tena vile vikubwa. Tutangoja ngozi ipone, kisha tutakupa kile kidogo. Na nitawaandikia wenzangu wa hospitali nyingine kwamba vikubwa vimemdhuru mtoto hapa, wajihadhari."

Alikuwa amepata alichokitaka. Mwantumu alilala chali akitazama mabati ya paa. Kidonge kidogo kitakuwa chake, tena kwa mkono wa Daktari mwenyewe. Nacho ndicho kilichomchubua midomo. Wakimpa tena, itakuwaje? Akikataa, atasema anakataa kwa nini? Na huko kwingine, madaktari asiowajua wataacha kuwapa watu vidonge ambavyo havikuwa na kosa.

Kitanda cha pili Scolastica alikohoa, akatema katika kikopo chake, akakifunika upesi. Lakini Mwantumu aliona. Makohozi yalikuwa na damu.

Kesho yake Gidamis alifika na ndugu yake na punda mmoja aliyetandikwa ngozi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shuka nyeusi na mkuki mkononi, ambao aliuegemeza ukutani kwa adabu kabla ya kupanda barazani. Mama Gidahosh alikuwa amekwisha funga vitu vyake. Daktari Nikolausi alitoka nje haraka.

"Bwana Gidamis, karibu. Naona mama amefunga mzigo."

"Nimekuja kumchukua mke wangu," Gidamis alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno likiwekwa mahali pake. "Mimi ng'ombe wangu wamedungwa. Wengine walipona, wengine walikufa. Ng'ombe akifa nanunua mwingine. Kwa nini unampa mke wangu dawa ya ng'ombe?"

Daktari alimtazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

"Nani amekuambia hivyo?"

Mama Gidahosh alimtazama Scolastica, ambaye alikuwa ameketi kwenye mkeka amejifunika blanketi. Watu wote wakamtazama.

"Ni wewe, Scolastica?" muuguzi Angela aliuliza.

"Ni mimi."

"Ulisikia kwa nani?"

Scolastica alitazama chini. Ndani, kupitia mlango uliokuwa wazi, Mwantumu alimwona akivuta uzi wa blanketi. Alingoja ataje jina lake. Hakulitaja.

"Nilisikia tu," Scolastica alisema, kisha kikohozi kikamkata.

Mwantumu alishuka kitandani. Alijishika kwenye fremu ya mlango, midomo yake imevimba, mikono yake imejaa upele, na watu waliokuwa barazani wakageuka.

"Nilimwambia mimi," alisema. "Si kweli. Sikuisikia kwa mtu, niliitunga. Nilitaka aache kumeza, anipe mimi. Naye alinipa. Nilikuwa navimeza vyake juu ya vyangu. Huu upele ni wa kile kidogo, Daktari. Usiwaandikie watu kwamba ni vile vikubwa."

Muuguzi Angela aliketi kwenye benchi taratibu, kama mtu aliyechoka ghafla. Scolastica aliinua macho. Mwantumu hakuweza kuyatazama.

Gidamis ndiye aliyesema kwanza. "Mtoto huyu alisema uongo wakati ule. Leo nitajuaje kama anasema kweli? Tena namwona ngozi yake. Kama si dawa ya ng'ombe, mbona imemfanya hivi?"

"Swali lako ni la haki," Daktari alijibu. "Kidonge hiki ni cha watu, kimetengenezwa kwa ajili ya kifua. Lakini kuna watu wachache ambao miili yao hukikataa. Hilo nililijua, na ndiyo maana muuguzi anamtazama mkeo ngozi na midomo kila asubuhi. Upele ungetokea, angeachishwa siku ile ile. Huyu hakuna aliyejua kwamba anakimeza, kwa hiyo hakuna aliyemwangalia. Isitoshe alikimeza juu ya konzi ya vidonge vingine. Kama unataka kumchukua mkeo, siwezi kumfunga kamba. Nakuomba kwanza umuulize yeye."

Gidamis aliongea na mkewe kwa lugha yao. Mama Gidahosh alijibu kwa maneno machache, kisha akageuka na kuyarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Nilipokuja nilibebwa. Sasa nachota maji mwenyewe. Ngozi yangu haina kitu. Mimi nabaki."

Alianza kufungua mzigo wake. Gidamis alikaa hospitalini muda kidogo, akawa anakuja barazani kila asubuhi kutazama dawa ikitolewa, na yeye mwenyewe akimkagua mkewe midomo baada ya muuguzi. Aliporudi kwake, aliondoka na punda asiye na mzigo.

Jioni ya siku ile Mwantumu aliposema kweli, Daktari Nikolausi aliwaita wasichana wote wawili. Hakupandisha sauti.

"Scolastica, nilikuambieni habari ya mbwa wawili wa boma. Mmoja wao ameondolewa mlangoni bila mimi kujua. Vijidudu vilivyosalia kifuani mwako vimepata nafasi ya kumzoea yule mmoja aliyebaki. Inawezekana bado tumewahi, inawezekana hatukuwahi. Tutakupa dawa nyingine pamoja na sindano, na itabidi ukae hapa muda mrefu kuliko nilivyokuambia." Akamtazama Mwantumu. "Wewe utapona ngozi, kisha utarudi kwenye vidonge vyako. Vilikuwa vikikuponya. Nimesoma uzito wako tangu ulipofika. Ulikuwa ukienda pole pole, lakini hukuwahi kurudi nyuma hata mara moja. Hukuona kwa sababu ulikuwa ukisoma mizani ya mwenzako."

Wakiwa wamerudi barazani, Mwantumu alisema, "Scola, nisamehe."

Scolastica alilivuta blanketi mabegani.

"Nilikuwa nakuambia ahsante kila siku," alisema. "Nawe ulikuwa unanitazama nikikohoa."

Aliinuka akaingia ndani. Siku zilizofuata hakuongea naye, na akamwomba muuguzi Angela amhamishie kitanda cha mwisho, karibu na Mama Gidahosh. Mwantumu alibaki peke yake na mfuko wake wa sukari. Alijaribu kuipeleka. Ilirudishwa bila neno. Alikubali. Alivimeza vidonge vyake vikubwa bila kubembelezwa, na kila asubuhi alifungua mdomo wake wazi mbele ya muuguzi kabla ya kuambiwa.

Mzee Zubery alipokuja na kusikia yaliyotokea, hakumpiga binti yake wala kumgombeza. Aliketi kwenye ngazi ya baraza, kofia yake mapajani.

"Nilidhani nakupenda kwa kukuweka mbele siku zote," alisema. "Hata kwa Daktari nilikwenda kukuombea uwekwe mbele. Kwa hiyo kosa hili tunalo sote wawili. Wewe baki hapa na dawa zako. Mimi nakwenda Masakta."

Alikwenda mpaka kwa Ignasi, akamweleza yote bila kupunguza, akaomba radhi kwa niaba ya nyumba yake. Ignasi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ataamua kama atasamehe akimwona mtoto wake. Hakuwa amemwona tangu alipolazwa, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu na alikuwa peke yake shambani. Mzee Zubery alimchukua kwenye lori. Siku hiyo Scolastica alipomwona baba yake akishuka, alikimbia, akakohoa, akakimbia tena. Tangu hapo kila lori la Zubery lilipopanda kwenda hospitalini lilipita kwanza Masakta.

Miezi ilipita. Sindano zilimwumiza Scolastica, lakini damu katika makohozi ilikauka. Halafu kikohozi kikapungua, na mizani ikaanza tena kupanda. Hakuna aliyejua kama ni bahati au ni kuwahi. Daktari alisema tu kwamba vijidudu vimeshindwa, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya barazani.

Mwantumu ndiye aliyeruhusiwa kwanza. Siku nyingi aliwahi kuota habari hiyo. Sasa alipoambiwa, alikwenda kwa Daktari Nikolausi na muuguzi Angela akiwa na macho mekundu.

"Shikamoo, Daktari. Shikamoo, dada Angela. Naomba nibaki mpaka Scolastica atoke. Si haki mimi nitangulie."

"Marahaba," Daktari alijibu. "Si haki, ni kweli. Lakini kitanda chako kina mgonjwa anayekingoja, na ukikikalia utakuwa unamnyima mtu mwingine tena. Nenda nyumbani. Meza dawa zako mpaka nitakapokuambia acha."

Muuguzi Angela alimsindikiza hadi mahali lori lilipokuwa likingoja. Njiani alimshika bega.

"Sikiliza, mwanangu. Miezi aliyoipoteza mwenzako huwezi kumrudishia. Hakuna duka linaloiuza, hata la baba yako. Wivu huanza kwa kutazama sahani ya mwenzio, ukasahau kula ya kwako. Ukiuacha ukue, utataka yake imwagike. Ukimwona tena mtu amepata, kabla hujauliza kwa nini yeye, tazama kwanza ulichonacho mkononi. Na ukikosea kwa mgonjwa au kwa daktari, sema mapema, hata kama midomo imevimba. Ukweli wako wa siku ile ulichelewa, lakini ulimbakiza Mama Gidahosh kitandani, na ulimwokoa rafiki yako. Huo uushike."

"Nitaushika, dada."

Scolastica alikuwa amesimama karibu na lori. Mwantumu hakutarajia kumkuta hapo. Walitazamana bila kujua nani aanze.

"Ulipotoka upele," Scolastica alisema, "kabla sijajua kitu, nilifurahi kidogo. Nilikuwa naona wivu baba yako anavyokuja na lori, wangu haji. Nikasema, acha naye aumwe. Sikumwambia mtu."

Mwantumu alimtazama. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyekuwa akimtazama yeye.

"Sijakusamehe kabisa," Scolastica aliendelea. "Lakini lori likija mwezi ujao, njoo nalo. Hapa hakuna mtu mwingine wa kusuka naye vikapu."

"Nitakuja," Mwantumu alisema.

Mzee Zubery aliwasha injini. Lori liliposhuka mteremko, Scolastica alibaki barabarani akipunga mkono, mashavu yake yakiwa yamejaa tena. Mwantumu aliyatazama mpaka yakawa madogo, akaona anafurahi, na safari hii hakuona haya.